Je, Wajua Kwa Nini Hadithi Moja ya Fantasia Humnogea Mtoto wa Darasa la Tatu na Kumshinda wa Kidato cha Kwanza?

Chukua riwaya yenye joka, ufalme uliolaaniwa na msichana mwenye pete. Msomee kwa sauti mtoto wa miaka 8 pale Nzuguni, Dodoma: atatulia mpaka sura iishe, kisha atadai nyingine. Mpe kaka yake wa kidato cha kwanza aisome mwenyewe kwa Kiingereza: kurasa nne tu ataifunga na kusema hizo ni hadithi za watoto. Dada yao aliyeko Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ataimaliza kwa siku mbili, na kesho yake utamkuta hosteli akibishana na wenzake kuhusu nani alistahili kiti cha enzi.

Wengi hujibu kwamba ni suala la umri. Mdogo anapenda maajabu, kijana anayakinai, mtu mzima anayarudia kwa kujifurahisha. Jibu hilo lina ukweli kidogo sana. Umri huamua mambo machache kwa msomaji wa fantasia. Yanayoamua mengi ni kasi yake ya kusoma na lugha anayosomea, na hivyo viwili vinatokana na shule, tena si mara zote vinapanda pamoja na darasa.

Kwanza, ugumu wenyewe. Hadithi inayotokea soko la Majengo haina haja ya kumweleza msomaji soko ni nini. Fantasia haina mtaji huo. Mwandishi anajenga nchi upya: nani anatawala, uchawi unafanyaje kazi, unamgharimu nini anayeutumia, mto upi hauvukwi usiku. Msomaji anapaswa kuyashika yote hayo kichwani huku macho yakiendelea na sentensi. Anayesoma kwa ufasaha anapata nafasi ya kuyashika. Anayesoma kwa kuunga silabi, nguvu zake zinaishia kwenye silabi, na akifika mwisho wa ukurasa mfalme keshamtoka kichwani.

Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kwa njia ya hesabu. Walisema kuelewa unachosoma ni zao la kuzidisha vitu viwili: uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuelewa lugha hiyohiyo inapozungumzwa. Uzito uko kwenye neno kuzidisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Mtoto wa darasa la tatu anayezungumza Kiswahili nyumbani ana lugha tele masikioni, ila macho yake bado yanajifunza. Ukimsomea, umemwondolea kizuizi kimoja chote, naye anafuata hadithi nzito kuliko kitabu chochote anachoweza kujisomea. Pengo hili kati ya kusikia na kusoma kwa kawaida huziba mtoto akiwa na miaka 13 hivi. Kabla ya hapo, kumsomea si kumdekeza.

Tazama pia muda. Mtoto anayesoma maneno 50 kwa dakika anahitaji dakika 5 kwa ukurasa wa maneno 250. Kitabu cha kurasa 200 kitamchukua karibu saa 17. Akisoma nusu saa kila jioni, ataishi na kitabu hicho zaidi ya mwezi. Anayesoma maneno 150 kwa dakika atakimaliza kwa saa tano na nusu, mwisho wa wiki mmoja tu. Wa pili anakumbuka kiapo kilichowekwa ukurasa wa 12 kinapovunjwa ukurasa wa 180. Wa kwanza alikisoma kiapo hicho wiki nne zilizopita, katikati kukawa na mitihani na kuchota maji.

Kiswahili nacho kina urahisi wake na mtego wake. Urahisi ni kwamba herufi zinasomeka kama zilivyo, hivyo mtoto hutamka neno jipya mapema. Mtego uko kwenye sentensi kama hii: “Joka alimtazama Nyemo, na alipomgeukia, akacheka.” Nani kageuka? Nani kacheka? “Alipomgeukia” ina watu wawili ndani yake, wa mwanzoni anayetenda na wa katikati anayetendewa, na hakuna kinachosema yupi ni yupi. Hadithi ya kawaida haisumbui sana kwa sababu wahusika wanaotenda mara nyingi ni binadamu tu. Kwenye fantasia joka anafikiri, mbuyu anajibu, upanga una kinyongo, na mwandishi akishawapa uhai wote wanaingia kwenye “a-” na “-m-” zilezile. Mtoto mwenye kasi ndogo hupotea hapahapa, wala hatambui kwamba kapotea. Anaona tu kwamba kitabu “hakieleweki”. Anayesoma kwa sauti atengeneze palepale bila kutangaza: arudishe jina, “Nyemo alipomgeukia joka, joka akacheka.” Mara mbili au tatu kwa ukurasa zinatosha.

Sasa tuje kwa yule wa kidato cha kwanza, maana yeye ndiye tunayempoteza. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Sekondari inafundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyemaliza shule ya msingi Kongwa au Mpwapwa anaweza kuwa anasoma riwaya nene ya Kiswahili bila shida. Januari akiingia sekondari, vitabu vya ziada vilivyo kabatini ni vya Kiingereza, na Kiingereza chake kinamrudisha kwenye kiwango cha kusoma cha mtoto mdogo. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, uliofanywa kwa hadithi fupi na wanaojifunza Kiingereza, ulionyesha kwamba ili msomaji aelewe vizuri peke yake anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno, yaani asiyoyajua yasizidi mawili katika kila 100. Riwaya ya fantasia iliyoandikwa kwa ajili ya kijana wa Uingereza inampa kijana wetu maneno mapya mengi mno kuliko hayo, halafu juu yake majina ya kubuni.

Kinachofuata kinaumiza. Anashuka kwenye vitabu vya Kiingereza anavyovimudu, na hivyo vina sungura wenye suruali. Ana miaka 14, anaota ndevu, na vitabu pekee vyenye maajabu anavyoweza kuvisoma vimeandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka 6. Anahitimisha kwamba fantasia ni ya watoto. Hajaikinai, hajawahi kupewa ya rika lake katika lugha anayoimudu.

Dawa yake inajulikana na haina gharama kubwa. Mwache aendelee na riwaya ngumu za Kiswahili mwaka wote wa kidato cha kwanza na cha pili, na kwa Kiingereza aanze na hadithi ambayo tayari anaijua. Anayeujua mwisho wa hadithi haogopi neno jipya katikati. Safari ya Alice katika nchi ya maajabu, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1865, ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Ukizipata zote mbili, sura moja kwa Kiswahili kisha ileile kwa Kiingereza inafanya kazi vizuri. Usipozipata, msimulie sura kwa Kiswahili dakika 5 kabla hajafungua ya Kiingereza. Walimu wengine huona huku ni kudanganya. Hapana, ni kumpa ngazi.

Umri sasa. Kuanzia miaka 3 hadi 5 mtoto anauliza “yupo kweli?” na anataka jibu la wazi, basi mpe. Akifika miaka 7 wengi wao wanatenganisha hadithi na maisha, lakini kujua hakuondoi hofu: anajua zimwi halipo na bado haendi chooni peke yake. Kwa hiyo kipindi cha jioni kisikatwe pale zimwi linapobisha hodi. Katisha mlango ukishafungwa na watu wameketi kula.

Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya nje havitalitaja. Mtoto wa Bahi au Chemba anaweza kuwa anasikia habari za wachawi na majini nyumbani zikizungumzwa kama mambo ya kweli, na kwa Mwislamu majini wametajwa kwenye Kurani. Hadithi yenye jini haiko upande wa “kubuni” kwa kila anayeisikiliza. Ongea na wazazi kabla, waonyeshe kitabu, na kwa kundi jipya anza na kiumbe ambaye hakuna mtu amewahi kumsikia. Na hadithi ambamo utajiri unapatikana kwa kiungo cha binadamu isisomwe mbele ya watoto wadogo hata kidogo. Nchi hii imeona watu wenye ualbino wakishambuliwa kwa imani hiyo.

Kati ya miaka 8 na 11 wanapenda kanuni. Watakuuliza kama pete inafanya kazi ikiwa mkono wa kushoto, na ukijibu ovyo watakukumbusha wiki ijayo. Kuanzia miaka 12 hivi wanaanza kuona kwamba mfalme wa kwenye hadithi anamwakilisha mtu. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951 Tanganyika ikiwa chini ya Uingereza, ni mfano mzuri: mdogo anaishika ile nchi iliyo angani, wa kidato cha tatu anaona utawala unaoogopa kusikia ukweli, na mwanafunzi wa sheria anaona kesi. Wote wamesoma sawasawa.

Basi utamchagulia vipi msomaji? Usiangalie darasa wala mwaka wa kuzaliwa. Fungua kitabu katikati, si mwanzo, kwa sababu waandishi hulainisha kurasa za kwanza. Hesabu maneno kama 100. Asome kwa sauti, akunje kidole kila anapokutana na neno asilolijua. Kidole kimoja au viwili, aende nacho. Vitatu hadi vitano, asome akiwa na mtu wa kumuuliza. Zaidi ya hapo, asomewe.

Kwa fantasia kipimo hiki kina kasoro moja: majina ya kubuni. Mtoto anakunja kidole kwa kila jina la kiumbe, anamaliza mkono mzima kwenye kitabu kinachomfaa. Mwambie kabla: “Neno hili kalitunga mwandishi. Hata mimi silijui, atatueleza mbele.” Yasihesabiwe. Isipokuwa kama kurasa mbili zimepita na mwandishi hajaeleza. Hapo kosa si la mtoto, na kitabu kisubiri.

Dibaji ndefu ya historia ya falme iliyowekwa mwanzoni irukwe, irudiwe baada ya sura ya tatu. Angalia pia kama si kitabu cha pili cha mfululizo. Kwenye vitabu vya msaada hilo hutokea mara nyingi, na mtoto anajiona mjinga kwa kutojua watu ambao walielezwa kwenye kitabu asichonacho. Kisha apewe nusu karatasi ya kauntabuku ya kuweka ndani ya kitabu: upande mmoja majina na kila mtu ni nani, upande wa pili uchawi unaweza nini na hauwezi nini. Kwa anayesoma polepole, karatasi hiyo ndiyo kumbukumbu yake ya mwezi mzima.

Msomaji mgumu kuliko wote kumpatia kitabu ni kijana wa miaka 14 aliyeko MEMKWA, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, au mama aliyeacha shule darasa la nne anayerudi kusoma. Macho ni ya darasa la pili, akili ni ya mtu mzima. Wanahitaji sentensi fupi na herufi kubwa zenye mambo mazito ndani: usaliti, urithi, kiapo. Jalada lenye katuni livalishwe karatasi ya kaki, ama hatakibeba mbele za watu.

Ukiwaweka wote pamoja, kikao cha dakika 45 kwa watu 12 hadi 15 kinatosha, na nakala tatu zinatosha pia. Msomaji mmoja fasaha asome sura kwa dakika 15 hadi 20, na wengine wasikilize bila kufuatisha. Kisha wagawanyike: wadogo wachore kiumbe, wa katikati wajaze karatasi ya kanuni, wakubwa wapewe swali moja la kubishania. Walio Kondoa wanaweza kuanzia michoro ya miambani ya Kolo, ile iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wale watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu wanazaa maswali mengi ya nani, wapi na kwa nini. Wakati wa kujibu, mdogo aanze, maana mwanachuo akitangulia hakuna mtoto atakayefungua mdomo. Wanaojua mwisho wakae karibu na anayeongoza, kwa kuwa hao ndio wanaomwaga mtama.

Kitabu kirefu kianze baada ya mavuno. Kabla ya hapo watoto wengi wa vijijini wako shambani wakiamia ndege kwenye mtama na uwele, watakosa sura tatu mfululizo na hawatarudi. Na mtoto akikiacha kitabu njiani, andika kwenye ile nusu karatasi ukurasa alioishia na lugha aliyokuwa akisomea, ukitunze, umpimie tena vidole muhula unaofuata.