Keki ya muhogo ya Kifilipino: kazi yote iko kwenye kukamua

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu keki hii ni moja: mbona yangu imelala maji chini, na juu imekauka? Watu wengi huilaumu oveni. Mimi huwauliza kwanza kama muhogo waliukamua, na kama waliukamua, yale maji waliyapeleka wapi.

Wafilipino huiita bibingkang kamoteng kahoy. Kamote kwa Kitagalog ni kiazi kitamu, kahoy ni mti, kwa hiyo muhogo kwao ni kiazi kitamu cha mti. Neno kamote lilitoka Mexico, na muhogo wenyewe ulifika kwa njia hiyo hiyo, enzi za Wahispania, ambao merikebu zao zilipita kati ya Acapulco na Manila kuanzia 1565 hadi 1815. Pwani yetu tuliletewa na Wareno kutoka upande wa Brazil. Mmea mmoja, ukazunguka dunia kwa pande mbili, na kote ulikofika ukaikuta nazi inausubiri.

Nilifundishwa Maskati, nikiwa mwokaji kwenye jiko la hoteli. Mwenzangu wa zamu alikuwa mama wa Kifilipino ambaye sote tulimwita Ate, yaani dada mkubwa, kama sisi tunavyosema dada kwa heshima. Siku ya mapumziko alikuja kwangu, akaiona mbuzi yangu ya kukunia nazi niliyotoka nayo Tanga. Hakuuliza ni kitu gani. Aliikalia, akashika kifuu kwa mikono miwili na kuanza kukuna kwa mkono wa mtu aliyeanza utotoni. Kwao inaitwa kudkuran. Tui wanaliita gata, na tui la kwanza, lile zito, lina jina lake: kakang gata. Hilo aliliweka pembeni na kulifunika. Halikuwa la kuchanganyia muhogo.

Baadaye tukamenya muhogo, tukatoa ule uzi wa katikati, tukaukuna kwenye matundu madogo. Kilo 1 iliyokunwa akaifunga kwenye kitambaa safi cha pamba na kuisokota juu ya bakuli mpaka maji yakawa matone. Nikanyanyua bakuli nikamwage. Akanishika mkono. Tukangoja kama dakika kumi, kisha akayamwaga taratibu. Chini kulibaki tabaka jeupe, zito, kama chokaa mbichi. Akalikwangua kwa kijiko na kulirudisha ndani ya muhogo.

Tabaka hilo ni wanga, na ndio unaoishika keki. Kwenye keki yenyewe hakuna ngano, hakuna hamira, haiumuki. Wanga wa muhogo unapopata joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi hufyonza maji, huvimba na kuwa uteute unaovutika. Ukiyaacha maji yote ya muhogo, yanazidi yale ambayo wanga unaweza kuyameza, nayo hushuka chini ya trei. Ukiumwaga wanga, keki inakuwa chengachenga. Ndiyo maana tunatoa maji yasiyo na ladha, tunabakiza wanga, halafu mahali pa yale maji tunatia tui.

Kukamua kuna faida nyingine. Muhogo mbichi una kemikali ambayo ukikunwa huanza kutoa sianidi. Sehemu yake hutoka na maji, sehemu hupotea hewani kwa moto. Hata hivyo tumia muhogo mtamu tu, umenye vizuri maana ganda lina sumu nyingi zaidi, na ukionja kipande kidogo ukakuta uchungu, kiteme na uutupe muhogo huo wote. Maji uliyokamua yasinywewe na mtu wala mnyama.

Kwa kilo 1 hiyo mimi natia tui la pili mililita 400, mayai 2 mazima pamoja na ute wa mayai mengine 2 (viini vyake viweke), siagi iliyoyeyuka gramu 60, sukari gramu 100, chumvi kidogo, na theluthi mbili za kopo moja la maziwa mazito matamu. Maziwa ya kopo yalizoeleka sana Ufilipino wakati wa utawala wa Wamarekani, ulioanza 1898, na leo ni vigumu kuitenganisha keki hii nayo. Ukipata dafu, kwangua nyama yake laini uichanganye humo. Iliki naomba usitie. Naijua mikono yetu ya pwani, lakini iliki hapa inaimeza harufu ya muhogo na ya jani.

Jani ni la mgomba. Lipitishe juu ya moto mpaka ling'ae na kulainika, vinginevyo litapasuka, kisha tandaza kwenye trei ya sentimita 23 kwa 33 na kulipaka siagi. Oka kwa nyuzi 175 dakika 45 hadi 50, mpaka ukitikisa trei katikati pasicheze.

Sasa ndipo tui la kwanza linapopata kazi. Mililita 200 zake, theluthi ya maziwa iliyobaki, vile viini 2 na kijiko kimoja cha unga wa ngano: koroga kwenye moto mdogo mpaka mchanganyiko ushike mwiko. Mimina juu, nyunyiza jibini iliyokunwa, rudisha dakika 15 hadi 20, na mwisho washa moto wa juu wa oveni kwa dakika 2 au 3. Simama hapo hapo. Unataka madoa ya kahawia, kama ya chapati iliyoiva vizuri.

Asiye na oveni asikate tamaa. Bibingka za zamani, yaani keki za Kifilipino za namna hii, huokwa kwenye chombo cha udongo, makaa chini na makaa juu, na aliyewahi kupalia makaa juu ya kifuniko cha mkate wa kumimina anaujua moto huo. Weka machache chini, mengi juu.

Kisha ngoja. Mara ya kwanza nilipoioka peke yangu niliikata ya moto, ikanata kisuni kama gundi, nikadhani haijaiva. Ilikuwa imeiva. Wanga ulikuwa bado haujakaza. Iache saa mbili angalau, halafu ukate kwa kisu kilichopakwa mafuta.

Kwa sababu ya tui, usiilaze nje usiku. Kwenye friji inakaa siku tatu, ila inakuwa ngumu. Ipashe kwenye kikaango kikavu, upande wa jani ukiwa chini, mpaka lianze kunukia.