Usiisugue toea yako

Papua Guinea Mpya, nchi iliyo kaskazini mwa Australia, ilipoanza kutumia pesa yake mwaka 1975, sarafu ndogo kuliko zote ilikuwa toea 1, yenye picha ya kipepeo. Jina lake ni la bangili ya kombe la baharini ambayo Wamotu, watu wa pwani ya nchi hiyo, waliitumia katika biashara. Toea 100 ni kina 1, yaani pesa kuu ya nchi hiyo.

Wengi wanaamini kwamba rangi yake ya kahawia ni uchafu, kwa hiyo wanaisugua kwa ndimu, majivu au dawa ya meno ili "ipande bei". Sivyo. Sarafu hii ni ya shaba iliyochanganywa, na shaba ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba. Utando huo ndio unaoikinga. Ndimu huumumunyisha, majivu huchora mikwaruzo, na mng'ao wa waridi unaobaki mkusanyaji wa sarafu huutambua mara moja. Bei hushuka.

Ungaunga wa kijani ni jambo jingine: huo hula shaba yenyewe, mpelekee fundi anayejua. Mchanga tu? Maji safi yanatosha, kisha ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini.