Luteka si mechi: msiniulize tena nani alishinda Louisiana

Wiki iliyopita, kwa mara ambayo sikumbuki ni ya ngapi, mwanafunzi mmoja aliinua mkono nikiwa katikati ya somo la luteka, yaani mazoezi makubwa ya kivita, zilizofanyika Louisiana, Marekani, mwaka 1941 na kuniuliza kama ni kweli kwamba Patton, jenerali wa vifaru wa Marekani, "alishinda". Nilimeza mate nikaendelea na somo, lakini usiku nilikaa kuandika haya, kwa sababu nimekuwa mwamuzi wa luteka kwa miaka mingi na swali hilo limenichosha.

Matukio yenyewe nitayapitia upesi. Septemba 1941, vita vikiwa vimekwisha kupamba moto Ulaya na Marekani ikiwa haijaingia, askari wapatao 400,000 walimiminwa katika mashamba, misitu ya misonobari na vinamasi vya Louisiana. Jeshi la Pili la Marekani chini ya Luteni Jenerali Ben Lear lilikuwa upande mwekundu, Jeshi la Tatu chini ya Luteni Jenerali Walter Krueger upande wa buluu, na Luteni Jenerali Lesley McNair ndiye aliyeongoza zoezi zima. Katika awamu ya kwanza, iliyoanza tarehe 15, Patton na Divisheni ya 2 ya Vifaru alikuwa kwa wekundu, na wekundu wakazuiwa. Katika awamu ya pili, iliyoanza tarehe 24, divisheni hiyo ilihamishiwa kwa buluu, ikazunguka mbali kupitia mashariki ya Texas na kuibukia nyuma ya wekundu karibu na Shreveport. Wanaosimulia ushindi wa Patton huanzia hapo, kana kwamba wiki iliyotangulia haikuwapo, ilhali divisheni ilikuwa ileile na kamanda yuleyule.

Lakini hata hilo si kiini cha kero yangu. Kiini ni kwamba katika luteka risasi baridi, ile inayolia tu bila kutoa kichwa, haimuui mtu. Anayeua ni mwamuzi. Louisiana silaha hazikutosha, kwa hiyo magogo yaligeuzwa mizinga, malori yakabandikwa maandishi ya kuyatangaza kuwa vifaru, na ndege zikadondosha mifuko ya unga wa ngano mahali pa mabomu. Katikati ya unga huo alisimama ofisa mwamuzi mwenye bendera na kitambaa kilichofungwa kwenye mkono, akihesabu silaha zilizokuwapo kila upande kwa mujibu wa kanuni, kisha akitamka nani asonge mbele, nani arudi nyuma na nani ahesabiwe amekufa. Ukitaka kujua luteka imefundisha nini, usianze na ramani ya majenerali. Anza na kitabu cha mwamuzi.

Na kitabu kile kilikuwa na jambo ambalo lilipaswa kuwakosesha usingizi wengi zaidi. Mzinga wa kupambana na vifaru uliruhusiwa kukiangamiza kifaru kwa kukilenga tu, ilhali kifaru, chenye mzinga wake na bunduki zake za rashasha, hakikuweza kuunyamazisha mzinga huo ila kwa kuufikia na kuukanyaga. Fikiria askari wanne wamejibanza nyuma ya ua wa shamba na mzinga wao mdogo, wanatazamana na kifaru kinachoweza kuwamiminia risasi kutoka mbali, na sheria inasema risasi hizo haziwadhuru. McNair aliamini kwa dhati kwamba mizinga mingi, iliyo myepesi kuhamishwa, ndiyo dawa ya vifaru vilivyoiangusha Ufaransa mwaka 1940. Vifaru vikateketea kwa wingi kwenye daftari za waamuzi, na daftari hizo zikasomwa kama ushahidi kwamba imani hiyo ni sahihi. Huko ni kujipigia ngoma na kucheza mwenyewe! Kabla ya mwaka kwisha, tawi zima la bataliani za kuangamiza vifaru lilikuwa limeanza kuundwa. Zilipofika Ulaya, nyingi zilitumika kusaidia askari wa miguu na kupiga kama mizinga ya kawaida, na vita vilipokwisha tawi hilo likavunjwa.

Msinielewe vibaya: sisemi luteka zile zilikuwa kazi bure. Zipo hesabu ambazo hakuna mwamuzi anayeweza kuzipindisha, kwa kuwa mafuta yakiisha yameisha, lori likizama kwenye tope limezama, na mvua iliyonyesha mwanzoni mwa awamu ya pili haikusubiri ruhusa ya mtu yeyote. Watu walikufa kweli, kwa ajali za magari na kwa kuzama majini. Makamanda nao walipimwa: kati ya 42 walioongoza majeshi, kori (muungano wa divisheni kadhaa) na divisheni katika luteka za mwaka huo, 31 waliondolewa au kuwekwa kando katika mwaka uliofuata, naye mnadhimu mkuu wa Krueger, Kanali Dwight Eisenhower, alipandishwa kuwa brigedia jenerali mwezi uleule wa Septemba.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya mafunzo hulipita kimya, nami sijawahi kulipatia jibu: hofu. Niliwahi kusimama kwenye ukingo wa shamba la mahindi, mvua ikinivuja shingoni, nikatangaza kwamba platuni moja imeangamia. Koplo wao akanijia na bunduki begani na kuniambia, kwa heshima zote, "Afande, sisi tungekwisha kukimbia kabla hawajatufikia." Kanuni ilinitaka nihesabu silaha, nami nilizihesabu vizuri, lakini safu ya kuandika kwamba watu wangekimbia haikuwapo kwenye fomu. Niliwaandika kuwa wamekufa wote, wakaenda kunywa chai.