Maadili si urefu wa gauni

Juzi, kwenye kikao cha kamati ya harusi, mzee mmoja alisimama akalalamika kwamba vijana wa leo hawana maadili. Macho yake yalikuwa kwa binti aliyevaa suruali ya kubana. Binti huyohuyo alikuwa ametoka kutusomea michango jina kwa jina, akaweka mezani shilingi 2,000 zilizozidi hesabu na kuuliza ni za nani. Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi mno. Safari hii limeniuma.

Maadili ni mwenendo unaofuata haki, pamoja na misingi ya kupambanua jema na baya. Falsafa ya maadili huihoji misingi hiyo: kwa nini hili tuliite jema, na lile baya?

Sasa tulitazame neno lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, adl, yaani haki, usawa. Katika mzizi huohuo Waarabu wana idl, upande mmoja wa mzigo wa mnyama, ule unaolingana na wa pili. Aliyewaona punda wa Lamu hahitaji maelezo. Kiroba cha mchanga kulia, kingine kushoto. Kimoja kikizidi, mzigo unaanza kulala, na mchunga punda hana budi kusimama augawe upya. Humo ndimo tulimopata adili, adilisha, muadilifu na uadilifu. Wagiriki neno lao walilitoa kwenye ethos, tabia na mazoea, na Walatini kwenye mores, desturi. La kwetu limetoka kwenye haki, halafu sisi ndio tunaolivuta kwenye mavazi!

Na si kwamba tumekosa maneno. Adabu ni namna ya kukaa na watu: kuamkia, kumpisha mkubwa kiti. Haya ni ile aibu njema ya ndani. Stara ni kujisitiri, na mavazi ni ya huko. Mtu anaweza kuwa na adabu tele, akaamkia mtaa mzima, na bado daftari la kikundi likawa na pengo mikononi mwake.

Tanzania ilipotunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma mwaka 1995, iliwataka viongozi watoe tamko la mali na madeni yao. Kabla ya hapo, miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, 1967, ilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni na nyumba za kupangisha. Kote huko mzigo unaopimwa ni uleule: nani amechukua zaidi ya haki yake.

Kwa hiyo, mzee wangu, shikamoo. Kama suruali ya binti ilikukwaza, sema haikuwa ya stara. Tutakuelewa, na huenda naye akakuelewa. Ila kwenye maadili, naomba umtazame tena pale alipoziweka zile 2,000 mezani.