Quack sio mganga wa kienyeji jamani

Hii ni tafsiri ya tatu naihariri mwaka huu, Kiingereza kinasema mgonjwa alipitia kwa "quack", yaani mtu anayejinadi kutibu bila ushahidi, kabla hajafika hospitali, na mtafsiri kaandika kapitia kwa mganga wa kienyeji. Ya tatu! Nimechoka kuandika komenti pembeni, naandika hapa, siku nyingine natuma linki.

Mganga Tanzania ni cheo. Mganga Mkuu wa Mkoa ni daktari, kasoma miaka, ana mhuri. Na huyo wa kienyeji ana sheria yake ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na baraza la kumsajili, sasa mtu ana cheti ukutani unamwita quack, si umemtukana bure?

Maumbo chapchap: quack ni mtu, quackery ni hiyo kazi yake, na quack ikitangulia nomino inakuwa sifa. "Anafanya quack" hakuna.

Asili yake Uholanzi, kwakzalver, Waingereza wakalibeba karne ya 16 kama quacksalver halafu wakalikata mkia. Zalf ni dawa ya kupaka. Ugomvi uko kwenye kwak: wengi wanasema ni kupayuka, kujisifu, yaani jamaa kasimama sokoni na kopo la mafuta anapiga domo. Wengine wanaleta zebaki, quicksilver, eti kwa sababu walipakwa wagonjwa wa kaswende, stori tamu ila siinunui. Bata je, maana mlio wake kwa Kiingereza nao ni quack? Nilikuwa nawacheka wanaosema neno limetoka kwa bata, mpaka nikakuta kwaken ya Kiholanzi ni kupayuka na ni mlio wa bata na chura vilevile. Nimeacha kucheka.

Sasa kinachoniudhi hasa. Quack hapimwi kwa mizizi wala majani, anapimwa kwa madai. Pale ninapopandia daladala kuna karatasi kwenye nguzo ya umeme: kisukari, presha, nguvu za kiume, kesi mahakamani, kumrudisha mpenzi, namba ya simu moja. Huyo. Au Clark Stanley wa Marekani na mafuta yake ya nyoka, serikali ilipoyapima nyoka hayumo, karibu yote ni mafuta ya madini, akapigwa faini dola 20. Na mwenye digrii na koti jeupe anaweza kuwa quack vizuri kabisa, ndo maana "daktari feki" nayo haitoshi, maana feki ni asiye na vyeti.

Mimi naandika "tapeli wa tiba". Ila nikiri, hainikai sawa. Tapeli anajua anadanganya, wakati Waingereza wanamwita quack hata anayeiamini chupa yake kwa moyo wote. Kumbuka Loliondo 2011, mchungaji Mwasapila kasema Mungu kamwotesha dawa, kikombe shilingi 500, foleni ya magari haina mwisho. Tapeli gani wa 500? Hapo neno hilo siandiki. Nilijaribu "mtoa tiba yenye madai yasiyothibitishwa", mteja akarudisha akauliza kwani neno moja la Kiingereza limezaa maneno matano ya Kiswahili mbona, na bei tumekubaliana kwa neno.