Masta ya ng'ambo bila lisansi: andika mlango ulioingilia

Wiki iliyopita papa mmoja alinijia hapa Kampemba, Lubumbashi, na CV yake ndani ya fardi ya plastiki. Ni fundi wa umeme wa mitambo, miaka 14 kwenye migodi ya Likasi na Kolwezi. Upande wa masomo palikuwa na mistari miwili tu. Juu, MBA, yaani masta ya uongozi wa biashara, ya chuo kikuu cha Uingereza. Chini yake, Diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, asilimia 58. Kati ya hiyo miwili, hakuna kitu. "Mama, nimeweka dosye saba, hakuna hata mmoja aliyeniita," akaniambia.

Nimesoma madosye ya wanaotafuta kazi kwa muda mrefu, kwanza ndani ya kampuni, sasa kwa ajili ya watu wenyewe, kwa hiyo najua dosye yake inapokwama. Hapa Lubumbashi mwajiri anahesabu miaka. Tangazo likidai bac+5, yaani miaka mitano ya chuo baada ya sekondari, kidole chake kinashuka kwenye karatasi: gradua mitatu, lisansi miwili, mitano imetimia. Akikuta masta iliyokaa juu ya sekondari, anawaza mambo mawili: ama masta imenunuliwa, ama mtu huyu anaficha chuo kilichomshinda. Wala hapigi simu kuuliza. Anavuta dosye nyingine.

Na papa huyu hakununua kitu. Uingereza vyuo vingi humpokea kwenye masta, hasa MBA, mtu asiye na shahada ya kwanza lakini mwenye miaka ya kutosha ya kazi yenye wajibu. Ufaransa wana VAE tangu sheria ya 2002: jopo linapima uliyoyafanya kazini, na linaweza kukupa diploma nzima, hata masta. Afrika Kusini njia hiyo wanaiita RPL. Tena kuna masomo ambayo shahada ya kwanza haitolewi peke yake: MEng ya Uingereza ni miaka minne mfululizo kutoka sekondari, na diploma ya injinia ya Ufaransa ina daraja la masta bila mwenyewe kupewa karatasi ya lisansi katikati. Mtu wa namna hiyo hajaruka ngazi yoyote.

Lakini wanaonijia zaidi ni watu wa gradua, na kwao mkanganyiko umetoka kwetu wenyewe. Katika mfumo wa zamani ulisoma gradua miaka mitatu, kisha lisansi miwili. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unatoa lisansi kwa miaka mitatu, kisha masta miwili. Neno ni lilelile, uzito mbalimbali. Muuguzi A1 wa zamani, yaani wa ngazi ya gradua, aliyekwenda kusoma masta ya afya ya jamii nje, akapokelewa kwa gradua yake, anarudi hapa na kuambiwa "huna lisansi". Miaka mitatu ya chuo anayo! Kilichobadilika ni jina. Huyo namwambia aandike gradua yake kwa jina lake halisi, na kando yake: "miaka 3, mfumo wa kabla ya LMD". Asiigeuze kuwa "lisansi" wala "bachelor" kwa mamlaka yake mwenyewe, hata kama hesabu inamuunga mkono. Siku ya kusaini kontra wataomba karatasi ya awali, na jina la kwenye CV lisipolingana na la kwenye diploma, hakuna atakayesikiliza maelezo. Nimemwona kijana akirudishwa nyumbani wiki ya tatu ya kazi kwa neno moja kama hilo, na kazi alikuwa anaiweza vizuri sana. Bado inaniuma.

Kwa papa wa umeme tulianza kwa kupandisha kazi juu ya masomo. Kazi ndiyo iliyomfungulia chuo, basi msomaji aikute kwanza. Halafu mstari wa masta, ambao kwenye CV umeandikwa Kifaransa, kwa Kiswahili unasomeka hivi: "MBA, Uingereza, 2021–2023, kredi 180. Nilipokelewa kwa msingi wa miaka 10 ya uzoefu wa kazi. Barua ya chuo ipo." Jina la diploma tuliliacha kama lilivyochapwa kwenye diploma yenyewe. Nyuma ya CV tukaweka nakala ya ile barua pamoja na releve ya pointi.

Kuhusu kredi sikumficha. Kredi 180 za Uingereza ni sawa na 90 za Ulaya, na masta ya LMD ni 120. Pale anapodaiwa bac+5 bila mjadala, hasa kazi ya serikali, atahitaji ekivalansi, yaani diploma yake ya nje kutambuliwa rasmi, na hiyo inashughulikiwa na wizara ya elimu ya juu (ESU) kule Kinshasa. Dosye ya ekivalansi ianze sasa, kabla ya kuitwa popote. Na kwenye tangazo linalosema "au uzoefu unaolingana", aweke dosye bila woga, maana hapo ndipo penye nafasi yake.

Alisoma ule mstari mpya mara mbili, midomo ikicheza.

"Mama, hii ya kusema niliingia kwa kazi, haitanishusha?"

"Papa, walikuwa wanakushusha kwa sababu hawakujua uliingiaje. Na wewe, hiyo miaka kumi unaionea haya?"

Hakujibu. Akachukua biki mezani, akarekebisha mwaka mmoja kwenye sehemu ya kazi, 2012 badala ya 2013, kisha akaniuliza fotokopi ya karibu iko wapi.