Ondoeni sarafu juu ya sindano

Wiki hii mama mmoja ameniletea radiogramu ya marehemu mumewe, yaani redio na mashine ya kupigia santuri katika kabati moja. Ni mashine ya Garrard ndani ya kabati la mninga, na juu ya kichwa cha sindano kumebandikwa sarafu ya shilingi mia kwa selotepu. "Fundi, ilikuwa inaruka. Shemeji akaweka hiyo, ikatulia. Sasa inakwaruza." Nimeshazibandua sarafu za namna hii mara nyingi mno, na kila mara nakuta santuri zimeumia.

Watu wanaamini sindano huruka kwa kukosa uzito. Lakini mashine iliyopiga vizuri miaka ya sabini haikukonda ilipokuwa stoo. Kama mkono wake, ule unaobeba sindano, ulisawazishwa wakati ule na hakuna aliyeugusa, uzito wake ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba mkono hausogei tena kwa uhuru, na ukiulundikia mzigo mkono usiosogea, unaukandamiza tu ndani ya mfereji.

Vichwa vingi vya sumaku vinataka sindano ikandamize santuri kwa gramu 1.5 hadi 3. Vile vya kauri vya radiogramu huenda mpaka 5 au 6. Sarafu peke yake ni gramu kadhaa, kwa hiyo umezidisha mzigo maradufu au zaidi, na wote unabebwa na ncha ya jiwe ambayo kwa macho huioni sawasawa. Zinazonyolewa kwanza ni sauti nyembamba: violini za taarabu, matoazi, zile "s" za mwimbaji. Ikishanyolewa hairudi, hata ukinunua sindano ya bei gani. Kimpira kinachoshikilia sindano nacho kinalegea, mpaka tumbo la kichwa linagusa santuri.

Kwa hiyo chunguza kabla ya kuongeza chochote. Ikiruka kwenye santuri moja tu, mahali palepale, kosa ni la santuri: ina mchubuko au uchafu. Ikiteleza kwenye kila santuri kuelekea katikati, shuku sindano iliyokwisha au mashine iliyoinama, na pima maji ya fundi mwashi itakujibu hilo kwa dakika moja. Lakini ikirudiarudia karibu na mwisho, kwenye kila santuri, hapo acha kuhangaika na sindano. Mashine zinazojizima zenyewe zina kijiti chepesi chini ya sahani inayozungusha santuri, ambacho mkono hukisukuma unapokaribia katikati. Grisi ya kiwandani ikizeeka inakuwa kama gundi, kijiti kinanata, na mkono unashindwa kukisukuma. Hapo ndipo wimbo unakwama kwenye mstari mmoja na watu wanatafuta sarafu.

Dawa yake ni kunyanyua sahani, kuifuta grisi yote iliyoganda kwa spiriti na kijiti cha pamba, kisha kupaka grisi mpya kidogo kwenye gia na mahali panaposuguana. Kile kijiti chepesi kiache kikavu kabisa. Nasisitiza hili kwa sababu hata mafundi wenzangu wanakosea: tone moja la mafuta pale, na baada ya miezi vumbi limeshakuwa gundi upya. Bushi za mota zinatosheka na tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya cherehani yanafaa. Mafuta ya nazi hayafai hata kidogo, maana chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuganda. Nimefungua mota iliyotiwa mafuta ya nazi ikawa haizunguki asubuhi, mchana inazunguka.

Ukimaliza, sawazisha mkono upya. Uzito wa nyuma uzungushwe mpaka mkono uelee wenyewe, kisha ongeza gramu ambazo mtengenezaji wa kichwa amezitaja. Mizani ndogo ya kidijitali kama zile za masonara inapima vizuri, na kila mwenye santuri awe nayo.

Kuna mengine nayasikia pia. Wapo wanaosafisha kila santuri kwa spiriti. Santuri za vinaili zinaistahimili, lakini zile nzito za kasi ya 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, ni za shelaki, kitu kilekile ambacho seremala huyeyusha kwa spiriti apate polishi ya fanicha. Mtu aliyerithi sauti ya Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, anaweza kuiharibu kwa mfuto mmoja. Tumia maji ya baridi, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, usilowanishe karatasi ya katikati, kisha kausha papo hapo. Na usizipigie kwa sindano ya santuri ndefu (LP): mfereji wa 78 ni mpana kama mara tatu.

Transfoma haitoshi kwa mashine iliyotoka Marekani. Inashusha volti, lakini umeme wetu unabaki 50 Hz, yaani mapigo 50 kwa sekunde, na mota inayofuata mapigo ya umeme iliyotengenezewa 60 Hz itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita. Santuri ya 33⅓ inapigwa kwa takriban 27.8, mwimbaji anasikika kama amelewa usingizi. Tafuta puli (gurudumu dogo la mota) ya 50 Hz ya modeli hiyo. Technics SL-1200MK2 na nyinginezo ambazo kasi yake inaongozwa na kwazi (kioo cha quartz), si mapigo ya umeme, hazina shida hii.

Sauti ikiwa ndogo na haina besi, mashine haijafa. Kichwa cha sumaku kinatoa milivolti chache tu, na kinahitaji tundu la amplifaya lililoandikwa "phono" au kikuza-sauti chake kabla ya amplifaya. Mkanda wa mpira unaozungusha sahani ukilegea, nunua mwingine wa kipimo chake. Kuuchemsha kunakupa siku chache tu, na tyubu ya baiskeli inayumbisha kasi.

Kwa yule mama, kosa lilikuwa kijiti kilichonata. Nimekisafisha, nimebadilisha sindano iliyokuwa imelika upande mmoja, na sarafu nimemrudishia mkononi. Mashine inapiga mpaka mwisho wa wimbo na kujizima yenyewe. Ila santuri ya 45 ambayo mumewe aliipiga kila Ijumaa sasa ina mkwaruzo kwenye violini zote, na huo sina namna ya kuutoa.